Yuniti Katika Nyumba Iliyofungwa

Mama alikuwa na miezi minne kaburini nyumba yake ilipopandishwa bei ya umeme.

Nilikuwa Tunduma, kwenye chumba cha mbele ninakoshonea sare za shule, pasi imewaka. Nikanunua umeme wa nyumba ya Ihanda kwa simu, kama nilivyozoea tangu Mama akiwa hai. Elfu tano. Ujumbe ukarudi na tokeni na idadi ya yuniti: kumi na nne. Nikausoma tena. Kwa elfu tano hiyohiyo nyumba ya Mama ilikuwa ikipata yuniti arobaini siku zote. Wa kumi na nne nilikuwa mimi, hapa mjini. Nikadhani nimekosea namba ya mita nikajinunulia mwenyewe. Nikailinganisha na namba niliyoiandika kwa kalamu nyuma ya kalenda. Ilikuwa ya kwake.

Nikazima pasi, nikakaa.

Ili mtu aelewe kwa nini nilikaa, ajue kwamba sisi tulikuwa watu wa nyumba tatu na bei tatu. Mimi nipo Tunduma, na kwa sababu ya pasi na cherehani nalipa bei ya kawaida, ile kubwa. Dada yangu mkubwa ameolewa ng'ambo, Nakonde. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kama foleni ya malori haijaziba njia. Amekaa huko miaka mingi hadi umeme anauita malaiti, kama majirani zake Wabemba. Kwao yuniti za mwanzo wa mwezi ni rahisi sana, kisha bei inapanda ngazi kwa ngazi kadiri unavyotumia. Kila tulipokutana tulilinganisha bei kama wengine wanavyolinganisha watoto. Tunabadili kwacha kuwa shilingi, tunagawanya, tunabishana.

"Kwenu ghali, lakini mnapika," Dada alisema mwaka ule bwawa lao lilipokauka. "Kwetu rahisi, ila unanunua kitu ambacho hakipo."

Mwaka ule alikuwa akivuka na kapu la nguo aje kupiga pasi kwangu. Jioni tukisimama uani tuliweza kuuona mpaka kwa macho, bila jiwe wala uzio. Upande wetu madirisha yanawaka, kisha yanakoma kama yamekatwa kwa mkasi, na baada ya hapo ni giza na sauti za watu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama. Umeme ulifika Ihanda Baba akiwa bado hai, nguzo zilipoanza kusambazwa vijijini. Mama akawekwa kwenye bei ya mtumiaji mdogo. Maadamu hazidi yuniti sabini na tano kwa mwezi, alikuwa akilipa karibu theluthi ya bei yangu kwa kila yuniti. Ukizoea kuvuka unahamishiwa bei ya kawaida, na kurudi ni safari ya maofisini. Mimi ndiye niliyemweleza hayo. Nilimweleza vizuri mno.

"Taa haina shida, Mama. Redio haina shida. Usiwashe kitu kinachotoa joto."

"Kinachotoa joto," alirudia, polepole, kama anayeshika maneno ya wimbo mpya kanisani.

Dada alikuwa amemletea hita ndogo kutoka ng'ambo, ile ya vyuma viwili vinavyogeuka vyekundu. Anayeijua Mbozi ya mwezi wa sita na wa saba anajua ni baridi gani. Mama alikuwa mtu wa baridi hata mwezi wa kumi. Alivaa soksi mbili mbili na bado vidole vyake ukivishika ni kama umeshika kijiko. Siku moja nilikwenda kumtazama nikaikuta hita inawaka miguuni pake mchana. Nikaichomoa kwenye soketi mwenyewe.

"Hii peke yake itakuvusha kabla mwezi haujafika nusu," nikamwambia.

"Haya," akasema. Hakuwa mtu wa kubisha.

Kwa Dada nilijisifu. Nilimwambia kuwa kati yetu watatu, wa bei ya chini kuliko wote ni Mama, na hajavuka hata mwezi mmoja.

Alifariki mwezi wa tatu, katikati ya mvua, kifua kilipombana siku tano. Tulimzika kando ya Baba, nyuma ya nyumba, pale kati ya jiko la nje na mistari ya kahawa. Baada ya arobaini tulifunga nyumba. Friji hatukuwa nayo, redio Dada aliichukua. Tuliacha taa moja ya nje ikiwaka ili wapitao wasidhani hakuna mtu. Ufunguo alibaki nao mama mdogo, mdogo wake Mama wa tumbo moja, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, hatua mia hivi. Yeye hana umeme wa nguzo, ana sola ya taa mbili.

Mwezi wa tano mama mdogo akanipigia simu asubuhi.

"Nyumba inalia," akasema.

"Inalia vipi, mama mdogo?"

"Inalia. Nilikuwa napalilia nikaisikia. Ti, ti, ti. Nikaenda hadi mlangoni, nikadhani ndege. Ni ndani."

Nikamwambia ni luku. Yuniti zikikaribia kuisha, kile kidude cha namba kilichopigiliwa ukutani sebuleni hulia hadi uongeze. Nikanunua, nikamsomea tarakimu ishirini kwenye simu, nne nne, naye akibonyeza na kunirudishia kwa sauti kubwa. Kazi ikaisha. Baada ya kukata simu ndipo nilipowaza kwamba niliacha mle ndani zaidi ya yuniti hamsini, na taa moja ndogo haimalizi hata kumi kwa mwezi.

Baada ya majuma matatu akapiga tena. Nyumba inalia.

Sasa niseme jambo ambalo nalionea aibu. Nilimshuku. Nilifikiri labda anachaji simu za majirani, labda amepata jiko la umeme, labda amempangisha mtu chumba kimyakimya. Sikumwambia hivyo, nilizunguka. Nilimuuliza kama kuna wageni wanaokwenda kusali pale, kama kuna mtu aliyeomba kuchomeka kitu. Nikasikia kuku wake.

"Mwanangu," akasema, "mimi humo ndani naingia Jumamosi, nafagia, natoka. Sikai. Kama hunielewi, njoo ukae mwenyewe."

Dada alipendekeza tubadili kitasa. Mimi nikapendekeza kwanza tupime. Nikamwomba mama mdogo azime hata ile taa ya nje, asome yuniti zilizobaki jioni kabla ya kufunga, asome tena asubuhi. Alifanya hivyo siku tatu, bila kulalamika. Kila asubuhi zilikuwa zimepungua mbili na ushee. Nyumba imefungwa, taa zote zimezimwa, hakuna kilichochomekwa.

Siku ya tatu, alipomaliza kusoma namba, mama mdogo akaongeza kitu. "Alipokuwepo hakutumia kiasi hiki," akasema, akakata simu.

Mwezi wa sita ukaisha, yuniti sabini na tano zikavukwa tena, na mwezi wa saba ndipo ukaja ule ujumbe wa kumi na nne. Mashine za shirika hazijui nani yuko hai. Zilikuwa zimeona mteja mmoja wa Ihanda ameanza kutumia kama watu wa mjini.

Nikampigia Dada, nikamwambia, "Mama na mimi sasa bei yetu moja."

Hakucheka. "Nenda," akasema. "Mimi sitaweza kuingia mle peke yangu, nakwambia kweli."

Nilishuka Ihanda saa tisa alasiri, ukungu umeshaanza kurudi kutoka mabondeni. Mama mdogo alinisubiri mlangoni na ufunguo, amejifunika blanketi. Nikamwamkia, akaitikia, akanifungulia, lakini yeye hakuvuka kizingiti.

Ndani palinukia sakafu iliyofagiliwa na hewa iliyokaa. Nilizima kila swichi, hata zile zilizokuwa zimezimwa. Niliziwasha nikazizima tena nione kwa macho. Nilipitisha mkono nyuma ya kabati kutafuta waya. Nilipofungua sanduku chini ya kitanda niliikuta hita ya Dada imefungwa kwa kitambaa cha mezani na kukazwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Nikairudisha.

Kisha nikavuta kiti nikakaa mbele ya luku. Kile kidude kina kitaa chekundu kinachopepesa umeme unapopita. Ukitumia sana kinapepesa haraka, usipotumia kinakaa kimya. Kilikuwa kikipepesa. Kinasimama kidogo, kinapepesa, kinasimama, kinapepesa, bila kubadilika. Nikakitazama hadi nikajikuta navuta pumzi kwa kukifuata. Nje jua lilikuwa bado halijazama, mbuzi wa mtu wanapita barabarani, na mimi nimekaa ndani ya nyumba ya mama yangu ambamo kitu kinakula na siwezi kukiona.

Nikajaribu kusema jambo kwa sauti, nipate kujisikia. Nililosema ni, "Hodi." Sijui kwa nini nilichagua neno hilo, na mimi tayari nilikuwa ndani.

Sikulala pale. Nilikwenda kulala kwa mama mdogo, tukaota moto jikoni kwake. Hapo ndipo aliponiambia, akitazama kuni, kwamba Mama alikuwa akija kukaa palepale nilipokaa mimi kila jioni ya miaka yake miwili ya mwisho.

"Namwambia, Dada, una umeme nyumbani. Anasema ule una mstari, nikiuvuka watoto watalipa sana. Alikuwa anazima hata taa. Namsindikiza na tochi yangu hadi mlangoni, anaingia gizani."

Nilikuwa nimemweleza habari ya joto. Taa nilisema haina shida. Lakini mtu aliyetishwa kwa mstari asiouona, atajuaje uko wapi.

"Na kuna jingine," mama mdogo akasema. "Hilo utaliona asubuhi. Siwezi kukueleza."

Asubuhi aliniamsha kukiwa kumepambazuka lakini jua halijatoka. Tukavuka mfereji. Majani yote yalikuwa meupe kwa umande mzito, na kaburi la Baba, lenye saruji, lilikuwa jeusi kwa maji. Kaburi la Mama lilikuwa bado la udongo, kwa sababu tulipanga kulijengea baada ya mavuno ya kahawa. Udongo wake ulikuwa mkavu. Upande wa kushoto, kuanzia kifuani kwenda miguuni, mvuke ulikuwa ukitoka. Mwembamba, unapanda hadi magotini, unapotea. Mbwa wa jirani alikuwa amejikunja juu yake, amelala. Alituangalia kwa jicho moja akalifumba.

Nikapiga magoti nikaweka kiganja. Palikuwa na joto. Joto la ukuta unaopakana na jiko, au la kitanda mtu anapokuwa ameondoka muda mfupi uliopita.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua zilipokatika. Nimeona tangu hapo." Alisema kwa Kinyiha, ambacho huwa hatumii na mimi tangu niondoke. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Kina mama wa kanisani walikuja, tukasali. Kesho yake pako vilevile. Ningekwambia nini kwenye simu? Ungesema mama mdogo amezeeka."

"Wewe unadhani ni nini?"

Alifikiri. "Dada yangu alikuwa na baridi," akasema.

Nimesoma kidogo, nashona kwa mashine ya umeme, najua shoti ni nini. Pamoja na hayo, nilipobaki peke yangu pale, mkono wangu udongoni, sikuwaza shoti. Niliwaza miguu yake. Niliwaza mafundo mawili ya katani. Nilikaa hadi jua likatoka na mvuke ukaacha kuonekana, ingawa joto lilikuwepo.

Kichwani mwa kaburi mama mdogo alikuwa amepanda maua, nayo yamesinyaa. Nikaenda kuchota ndoo ya maji mferejini, nikavua viatu visilowe matope, nikayamwagilia. Maji yakatambaa kuelekea upande wa kushoto. Yalipofika kwenye unyayo wangu nikasikia ganzi. Ilianza kidoleni, ikapanda kwenye kifundo, ikatetemeka humo, kama damu inaporudi kwenye mguu uliolaliwa. Mbwa akaruka juu bila kubweka, akakimbilia kwenye kahawa.

Nilirudi nyuma hatua tatu na ganzi ikaisha. Nikasogea mbele hatua mbili, nikaisikia. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja, na sitasema nilikuwa napima.

Fundi umeme alikuja kutoka Vwawa kabla ya saa sita. Mtu mzima, mpole, ana mfuko wa zana wa turubai. Nilimweleza mambo ya luku tu, ya kaburi nikayaacha. Akatazama kitaa chekundu kikipepesa, akazima swichi kuu. Kikakoma. Akaiwasha, kikaanza.

"Waya upi unatoka nje ya nyumba hii?" akauliza.

"Hakuna. Taa ya nje imezimwa."

"Jiko lile la nje lina taa?"

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama uani, ndiye aliyejibu. "Ilikuwepo. Ilikufa siku ya mazishi. Tulipikia watu kwa tochi."

Fundi akaenda jikoni, akatazama juu. Hakuna waya uliopita hewani. "Umeletwa chini kwa chini," akasema. "Nani aliuweka?"

Nikakumbuka. Baba aliuchimbia mwenyewe, mwaka umeme ulipofika, ili Mama apike akiona. Hakutaka kulipa fundi kwa kazi ya futi chache. Hakuweka bomba, alifukia tu. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza aliupitisha wapi.

Fundi alitembea taratibu kutoka pembe ya nyumba kuelekea jikoni, akatazama chini, na hatua zake zikampeleka ukingoni mwa kaburi la Mama, upande wa kushoto. Akasimama. Akavua kofia.

"Hapa ni nani?"

"Mama," nikasema.

Mama mdogo akaeleza habari ya joto na ya mbwa anayelala pale, kisha ya mazishi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokumbuka zaidi. Siku ya kuchimba kulikuwa na manyunyu. Mmoja wa wachimbaji, mzee wa kanisa, jembe lake lilipogonga kitu alitoka shimoni, akasema mikono yake imekufa ganzi, na akaenda kwake bila kungoja chakula. Watu walidhani ni uchungu. Wakati huohuo ndani ya nyumba swichi kuu ilishuka, mtu mmoja akaipandisha, kwa kuwa nyumba ya msiba haiwezi kukaa gizani. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

"Jembe lilikata waya," fundi akasema. "Upande wa jikoni ukafa. Upande wa nyumbani uko hai, ncha yake imo humu udongoni. Tangu siku ile mnanunua umeme, unaingia ardhini." Alitaka kuonyesha kwa kidole akajizuia, akakunja mkono. "Si mwingi wa kuangusha swichi. Wa kupasha joto tu."

Tulisimama watu watatu. Upepo ulikuwa ukipita kwenye kahawa.

"Nitautenga pale kwenye boksi," akasema. "Dakika moja."

"Subiri kidogo, fundi," nikasema.

Alinitazama. Nilijua alichokuwa akisubiri, kwamba niseme sababu. Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu mzima mwenye kazi zake. Nilikuwa nikihesabu kwamba mwezi wa saba ulikuwa na siku kumi na moja zilizobaki, na wa nane nao una baridi, na kwamba kwa bei ya kumi na nne kwa elfu tano ningeweza. Ningeshona usiku. Dada angechangia. Nilikwisha kufika hadi kwenye kiasi kwa mwezi, na hapo niliona kwamba nilikuwa tayari kumlipia Mama maiti joto ambalo nilimnyima Mama mzima.

"Mama," fundi akaniambia kwa sauti ya chini, "leo ni mbwa. Mvua ikirudi, atapita mtoto peku."

Mama mdogo ndiye aliyeondoka. Alivuka uani, akapanda kile kizingiti alichokuwa hakivuki ila Jumamosi, akaingia sebuleni, nasi tukasikia swichi kuu ikishuka. Akatoka, akafuta mikono kwenye blanketi.

"Fanya kazi yako, baba," akamwambia fundi.

Alifungua boksi, akalegeza skurubu moja, akautoa waya mmoja, akauviringisha ncha kwa utepe mweusi. Alipowasha tena, kitaa chekundu kilikaa kimya. Alitutoza nauli tu. Alipoondoka alipita mbali, akizunguka upande wa barabara.

Alasiri ile nilimwambia mama mdogo kwamba nilikuwa nimemshuku.

"Najua," akasema. "Ulikuwa unauliza wageni, wageni. Nilikasirika siku mbili." Alikuwa akipepeta maharage na hakuacha. "Na mimi niliwashuku ninyi. Nilisema hawa watoto wamemzika mama yao na kitu. Kuna watu wa mjini wanafanya hivyo, wapate mali. Nilichungulia hata kama biashara yako imekua."

"Haijakua."

"Nimeona."

Nikabaki usiku mmoja zaidi. Asubuhi kaburi la Mama lilikuwa limelowa umande sawasawa na la Baba, na mbwa hakuwepo. Nikagusa udongo. Nilibaki nimeugusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hadi vidole vikaniuma kwa baridi, kisha nikaenda kupanda gari.

Tunduma nilikwenda ofisi ya umeme kuomba nyumba irudishwe kwenye bei ya mtumiaji mdogo. Msichana wa dirishani aliingiza namba ya mita, akasoma skrini.

"Mteja mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lini?"

Nikamwambia. Akasoma tena, akashuka na kidole kwenye kioo mwezi kwa mwezi, si manunuzi bali matumizi ambayo mita huyatuma yenyewe. Mwezi wa pili, yuniti tisa. Wa kwanza, nane. Wa kumi na mbili, kumi na moja. Mwaka mzima hakuna mwezi uliofika ishirini. Alikuwa na nafasi ya yuniti zaidi ya hamsini kila mwezi na hakuwa ameigusa. Kisha kidole kikapanda hadi mwezi wa nne na namba zikaruka.

"Sasa hizi alitumia nani?" msichana akauliza. Hakuwa na ubaya, ni swali la kazi.

Akanipa karatasi niandike maelezo. Nikasimama kwenye kaunta, watu wako nyuma yangu kwenye foleni, nikaandika kwamba waya wa kwenda jiko la nje ulikatwa kwa bahati mbaya wakati wa kuchimba kaburi la mwenye nyumba, na umeme uliopotea uliingia kaburini. Niliisoma sentensi hiyo. Nikafuta neno kaburini, nikaandika ardhini. Akapiga muhuri bila kusoma.

Dada alivuka Jumapili ile, nikamweleza yote nikiwa nakata kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama palikuwa na joto sana, au la kiasi. Nikamwambia la kiasi. Akatikisa kichwa kukubali, akalia kidogo, akasema malaiti kwao yalikatika tangu alfajiri na kwamba ana nyama ya kupika kabla haijaharibika. Tulipika. Hatukulinganisha kitu siku hiyo, na sikumbuki kama tumefanya hivyo tena.

Mwaka uliofuata tulilijengea kaburi, na fundi akautoa waya wote wa Baba kutoka ardhini, futi kumi na tisa, ncha moja imeungua kuwa kama mkaa. Nyumba tumeipangisha kwa mwalimu na mkewe. Shirika lilitazama miezi kadhaa ya matumizi madogo, kisha bei ikarudi chini. Ujumbe uliokuja kwenye simu yangu ulianza kwa jina la Mama lote, majina matatu, ukimshukuru kwa kuwa mteja, kwa sababu mita bado ni ya kwake. Mwalimu ameniomba mara mbili nibadilishe jina, anunue mwenyewe. Nimemwambia sina nafasi ya kwenda ofisini. Yeye hunitumia fedha, mimi nanunua, ujumbe unakuja na jina, nausoma, ndipo namtumia tokeni.